Sheikh Muhammad Abduh: Mwanafunzi Aliyekimbia Darsa

Jina la Sheikh Muhammad Abduh wa Misri si geni katika pwani yetu. Wazee waliokuwa wakisoma jarida la Al-Manar walilijua tangu zama za Waingereza, na marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa Swahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa waliokunywa katika chemchemi hiyo. Walakini wengi wetu twamjua Sheikh huyu kwa umufti wake na kwa fatwa zake, na kwa jinsi alivyopendwa na wengine na kuchukiwa na wengine. Ni wachache wajuao kuwa mtu huyu, katika ujana wake, alikimbia masomo akaazimia kuwa hatashika kitabu tena maisha yake. Habari hii ndiyo tuliyokusudia kuieleza, khasa kwa kijana ambaye amekwisha kata tamaa ya ilimu au ya kazi aliyoitamani, na kwa mzee wake ambaye pengine amemkatia tamaa mbele yake.

Alizaliwa mwaka 1849 katika nchi ya chini ya Misri, ile iliyo upande wa bahari, na kijiji chao ni Mahallat Nasr katika jimbo la Buhaira. Baba yake, Abduh Khairullah, alikuwa mkulima mwenye heshima kijijini. Mtoto alifundishwa kusoma na kuandika nyumbani kwao, kisha akapelekwa kwa hafidh mmoja, akaihifadhi Qurani yote kwa muda wa miaka miwili. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwani ladhihirisha kuwa hakupungukiwa na akili wala na hifadhi. Nje ya masomo alikuwa kijana kama vijana wengine wa shamba, akipenda kupanda farasi na kuchezea silaha pamoja na wenzake.

Mwaka 1862 baba yake akampeleka katika mji wa Tanta, penye msikiti mkubwa wa Sayyid Ahmad Al-Badawi, ambako ndugu yake wa kwa mama alikuwa akisomesha. Huko alisoma tajwidi, na tajwidi haikumtatiza. Taabu ilianza mwaka 1864 alipoingizwa katika darsa ya nahau, akaanzishiwa sharhe ya Kafrawi juu ya Ajurumiya.

Ajurumiya sisi twaijua. Ni kitabu kidogo ambacho wanafunzi wa pwani wamekaa nacho misikitini na mabarazani kwa vizazi vingi, na katika waliokaa nacho wako waliotoka na ilimu na wako waliotoka na usingizi. Lakini sharhe ile ya Kafrawi humfanyia mwanafunzi irabu ya kila neno la matni kabla hajajua irabu yenyewe ni kitu gani. Mwalimu husema hili ni mubtadaa na lile ni khabari, hili limerufaishwa na lile limenasibishwa, na mtoto wa shamba amekaa akimtazama midomo. Hapana aliyemweleza maana ya istilahi zile, kwa kuwa walimu wenyewe walidhani kuwa kila mtu azijua, au kwamba asiyezijua atazijua kwa kuzisikia mara nyingi. Muhammad Abduh alikaa mwaka na nusu katika hali hiyo asifahamu hata neno moja.

Ndipo akakimbia. Alikwenda kwa wajomba zake akajificha miezi mitatu, hata ndugu yake alipomgundua na kumrejesha Tanta. Lakini alipotaka kumlazimisha kukaa darsani, kijana alikataa kabisa. Yeye alikwisha jihukumu kuwa ilimu haikuumbwa kwa ajili yake, na kuwa lililombakia ni kulima kama walimavyo jamaa zake. Akachukua nguo zake na vitu vyake vyote akarudi Mahallat Nasr kwa nia ya kutorudi tena masomoni, na mwaka 1865, naye ana miaka kumi na sita, akaoa.

Hapa twapenda kusimama kidogo. Mara ngapi kwetu twamwona kijana ametoka chuoni au skuli, na sote twasema kuwa hana kichwa, na yeye mwenyewe akasadiki, akaenda zake bandarini au dukani na jambo likaisha? Kwa muda wa miezi kadhaa Muhammad Abduh alikuwa ni kijana huyo hasa. Kama asingetokea mtu wa kumwonyesha kuwa kosa halikuwa lake, Misri ingepata mkulima mmoja zaidi, na hakuna ambaye angejua ni nini kilichopotea.

Siku arubaini baada ya arusi baba yake akamjia akamwamuru arudi Tanta. Akamtayarishia farasi, na kwa kuwa alimjua mwanawe, akampa na mtu mwenye nguvu wa kumsindikiza. Siku ile upepo wa joto ulikuwa mkali mno. Njiani kijana akamwambia mwenziwe kuwa hawezi kustahamili jua lile, akageuza farasi akatimua mbio mpaka kijiji cha Kanisat Urin, walikokaa jamaa za baba yake kwa upande wa mama. Vijana wa kijiji wakamfurahia sana, kwani walimjua kwa upandaji wake wa farasi, naye akadhani amekwisha okoka.

Katika kijiji hicho alikuwako mjomba wa baba yake, jina lake Sheikh Darwish Khadr. Sheikh huyu hakuwa mwanachuoni mashuhuri. Alikuwa mkulima aliyewahi kusafiri mpaka jangwa la Libya na mji wa Tarabulusi, akachukua huko twarika ya Shadhili, akarudi kwao kulima shamba lake. Lakini Qurani aliihifadhi, na akiisoma akiifahamu. Asubuhi akamjia kijana na kitabu cha nyaraka za mashekhe wa twarika yake, kilichoandikwa kwa hati ya Kimaghribi, akamwomba amsomee kidogo kwa sababu macho yake yamekuwa dhaifu. Kijana akakataa kwa maneno makali, akawalaani wasomao na kusoma kwao, na kitabu alipowekewa mbele yake akakitupa mbali.

Mzee hakukasirika. Alitabasamu, akakiokota, akamwomba tena kwa upole mpaka kijana akaona haya akasoma mistari michache. Basi kila alichokisoma mzee alikieleza kwa maneno mepesi, akiyaondoa magumu yake, mpaka maana ikaingia moyoni bila ya kijana kujijua. Punde wenziwe wakamwita kwenda kupanda farasi, akakitupa kitabu akaenda. Alasiri mzee akarejea na kitabu chake, na siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu kijana alisoma kiasi cha saa tatu asione uchovu. Ilipofika siku ya tano akawa anauchukia mchezo ambao alikuwa akiupenda, na akiwakimbia wale waliokuwa wakimwita.

Tazama jinsi jambo lilivyokuwa dogo. Hakupigwa, hakuahidiwa cheo, wala hakutishwa kwa umasikini. Alifahamishwa tu, nacho ndicho kitu ambacho watu wa Tanta hawakumpa kwa mwaka na nusu. Baada ya muda wa nusu mwezi akarudi mwenyewe kwenye msikiti ule ule, akakaa mbele ya walimu wale wale, akajiona yuafahamu, na wanafunzi wenziwe wakawa wanamjia awasomeshe. Twaamini kwamba kazi ya maisha yake ilianzia hapo. Tangu siku ile alikuwa na shabaha moja, nayo ni kuusahihisha usomeshaji wa Waislamu, ili mtoto mwingine asiondoke darsani akijidhania mjinga ilhali ujinga umo katika njia aliyosomeshwa. Mengine yote aliyoyafanya, na yalikuwa mengi, yalikuwa ni njia za kuifikia shabaha hiyo.

Mwaka 1866 akaingia Al-Azhar. Kila mwaka wakati wa mapumziko alirudi kijijini, na kila mwaka Sheikh Darwish alimwuliza amesoma nini. Je, amesoma mantiki? Amesoma hisabu? Amesoma handasa? Kijana hujibu kuwa ilimu hizo hazisomeshwi Al-Azhar, na mzee humwambia kuwa mwenye kutafuta ilimu hashindwi kuipata popote ilipo. Basi akirudi Cairo huzitafuta. Alizipata baadhi yake kwa Sheikh Hasan At-Tawil, mpaka mwaka 1871 alipokuja Sayyid Jamaluddin Al-Afghani kukaa Cairo, naye Muhammad Abduh akamganda kama kivuli kimgandavyo mtu. Kwa Sayyid huyu alisoma falsafa na mantiki na mambo ya ulimwengu, na akajifundisha kuandika katika magazeti.

Mambo hayo yalimtia katika chuki za baadhi ya mashekhe wakubwa. Alipofanya mtihani wa shahada ya uanachuoni mwaka 1877, wako waliokusudia kumwangusha kabla hajafungua kinywa chake. Alijibu vizuri, na Sheikh wa Al-Azhar, Muhammad Al-Abbasi Al-Mahdi, akamtetea. Mwisho akapewa daraja ya pili. Haikusikika kwamba alikwenda kulalamika. Alianza kusomesha Al-Azhar mara moja, na nyumbani kwake akawasomesha wanafunzi kitabu cha tabia njema cha Ibn Miskawaih, na mwaka 1878 alipowekwa kuwa mwalimu katika chuo cha Darul-Ulum akawasomesha Mukadima ya Ibn Khaldun. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kazi aliyoitaka imo mikononi mwake.

Haikudumu. Mwaka 1879 Khedivi Tawfik alishika ufalme, akamfukuza Al-Afghani katika nchi, na Muhammad Abduh akaondolewa katika ualimu akaamriwa kukaa kijijini kwao. Hii ni mara ya kwanza kunyang'anywa kazi yake, na haitakuwa ya mwisho. Mwaka uliofuata waziri Riyadh Pasha akamwita kuwa mmoja wa waandishi wa gazeti la serikali, Al-Waqai Al-Misriyya, na haukupita muda akawa ndiye mkuu wao.

Mtu mwingine angesema kuwa gazeti la serikali ni mahali pa matangazo ya kodi na ya vyeo, basi na apokee mshahara wake akae kimya. Yeye aliligeuza darsa. Aliandika juu ya skuli na ubovu wake, juu ya rushwa, juu ya ubadhirifu katika arusi, na akazisahihisha barua za idara za serikali kwa uandishi wake mbaya mpaka makarani wakaogopa kuandika ovyo. Makala zake juu ya ilimu ziliwakera wakubwa, na zilikuwa katika sababu za kuundwa baraza kuu la ilimu mwaka 1881, naye akatiwa ndani yake. Alikuwa amenyimwa darsa ya watu thalathini, akapata darsa ya nchi nzima.

Kisha ikaja fitina ya Arabi Pasha. Mwanzoni Sheikh hakuwaafiki maofisa wa jeshi, kwani aliona kuwa watu wasiosoma hawatengenezeki kwa upanga, lakini mambo yalipofika ukingoni na manowari za Kiingereza zikaupiga mji wa Iskandaria, alisimama pamoja na watu wa nchi yake. Mwezi wa Septemba 1882 jeshi la Misri lilishindwa Tel el-Kebir, na Waingereza wakaingia. Muhammad Abduh akatiwa gerezani miezi mitatu, kisha akahukumiwa kuhamishwa nchi kwa miaka mitatu. Ilipata kuwa sita.

Alikwenda Beirut, na mwaka 1884 akamfuata Al-Afghani mjini Paris, wakatoa pamoja jarida la Al-Urwatul-Wuthqa. Zilitoka namba kumi na nane tu, kati ya mwezi wa Machi na Oktoba, na Waingereza wakazizuilia kuingia Misri na Bara Hindi. Wengi hukisifu kipindi hiki kuliko vyote vya maisha yake. Sisi twaona kuwa hapa ndipo alipokaribia mno kuipoteza njia yake. Siasa kubwa za mataifa zilikuwa ni kazi ya Al-Afghani, na Al-Afghani aliumbiwa hizo. Muhammad Abduh hakuumbiwa hizo, naye akajijua. Yasimuliwa kuwa alimshauri mwalimu wake waache siasa, waende mahali pa mbali pasipo na serikali ya kuwaudhi, wachague vijana kumi wawalee na kuwasomesha, na kila mmoja katika hao aje alee kumi wengine. Al-Afghani akamwona kuwa ni mtu wa kuvunja moyo. Wakaachana mwaka 1885, kila mmoja akashika njia yake, na baadaye hayakukosekana maneno makali kutoka kwa mwalimu. Kuachana na mwalimu umpendaye kwa sababu shabaha zenu si moja ni jambo zito, na huenda lilimwuma kuliko gereza.

Alirejea Beirut akasomesha katika Madrasa ya Sultaniya. Masomo ya tauhidi aliyowapa vijana wa pale ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu chake Risalatut-Tawhid, kilichopigwa chapa mwaka 1897. Na humo humo uhamishoni aliandika mashauri marefu juu ya kutengeneza skuli katika dola ya Uthmani, akayapeleka kwa wakubwa wa dola hiyo. Hapana dalili kwamba waliyajali.

Mwaka 1888 akasamehewa akarudi Misri, na ombi lake lilikuwa moja, nalo ni kurejeshwa katika ualimu. Khedivi Tawfik akakataa. Alichelea kuwa mtu huyu akiwapata vijana atawageuza mioyo, na kwa hofu hiyo akamtukuza bila ya kukusudia. Akampa ukadhi katika mahakama mpya za wenyeji, mbali na mji mkuu, kwanza Benha, kisha Zagazig, kisha akaletwa Cairo, na baadaye akapandishwa kuwa jaji katika mahakama ya rufani. Mshahara ulikuwa mzuri na heshima kubwa, na kazi ilikuwa si ile aliyoitaka. Mtu wa miaka thelathini na tisa, mwenye akili ya kuona mambo, hakosi kujua kuwa amefungiwa mlango kwa ufunguo wa dhahabu.

Mahakama zile zilihukumu kwa kanuni zilizotolewa katika sheria za Ufaransa, na mahakimu wenziwe wengi waliijua lugha hiyo. Basi Sheikh, naye amekwisha pita miaka arubaini, akaanza kusoma Kifaransa. Hakuanza kwa kitabu cha nahau. Alichukua kitabu cha hadithi, akakisoma kwa sauti mbele ya mwalimu, na mwalimu akimsahihisha matamko na kumweleza maneno na kanuni zake kila zinapotokea njiani. Msomaji hatakosa kutambua kuwa hii ni njia ya Sheikh Darwish, ambayo mzee yule aliitumia katika shamba la Buhaira miaka mingi nyuma. Kwa Kifaransa hicho alisoma vitabu vya Ulaya juu ya malezi na ilimu, akafasiri kitabu cha Herbert Spencer juu ya malezi, na mwaka 1903 akaenda Brighton, Uingereza, kumwona Spencer mwenyewe katika uzee wake. Barazani kwa hukumu alijulikana kwa kutafuta haki na suluhu kuliko kushikilia herufi za kanuni. Alikuwa hakimu mwema, lakini hakuacha kuitazama Al-Azhar.

Tawfik akafa mwaka 1892, akatawala mwanawe Abbas Hilmi, kijana mwenye hamu. Sheikh akamwendea na shauri la kuitengeneza Al-Azhar, na mwaka 1895 likaundwa baraza la kuiendesha, naye akiwa mwanachama na roho ya baraza lenyewe. Alikuwa amengoja miaka kumi na sita tangu alipotolewa Darul-Ulum.

Ajabu ni kuwa alianza na mambo ambayo mtu wa hotuba kubwa angeyadharau. Alishughulikia mishahara ya walimu, iliyokuwa ikigawanywa kwa upendeleo, ikawekewa kanuni. Alishughulikia mikate ya wanafunzi, na vyumba vyao vya kulala, na maji, na taa. Akawekwa tabibu, na mahali pa dawa, kwani wanafunzi walikuwa wakiugua na kufa katika mabweni yaliyojaa. Vitabu vya thamani vilivyokuwa vimetawanyika, vingine vikiliwa na wadudu na vingine vikiuzwa kwa thamani ya karatasi, vikakusanywa katika maktaba moja. Ndipo alipofika kwenye masomo yenyewe: muda wa masomo ukawekewa mpaka, mitihani ikatengenezwa, na ilimu kama hisabu na tarikh zikapata mlango. Alijua kuwa mwanafunzi mwenye njaa hafahamu irabu hata ukimfasiria vizuri namna gani.

Upinzani haukupoa siku moja. Mashekhe waliozoea ya kale walisema kuwa ataiharibu dini, na magazeti yakamtukana na kumchora picha za mzaha. Alipokuwa Mufti wa Misri, mwezi wa Juni 1899, maadui waliongezeka kwa kadiri ya cheo. Mwaka 1903 Mwislamu mmoja wa Transvaal, kule Afrika ya Kusini, alimwuliza maswali matatu: juu ya kuvaa kofia za Kizungu, juu ya kula nyama iliyochinjwa na Wakristo wa huko, na juu ya Mshafii kusali nyuma ya Mhanafi. Akajibu kwa kuruhusu, na ghasia iliyotoka Cairo ilikuwa kana kwamba amewaamuru watu waache sala. Kwetu sisi Mashafii wa pwani, ambao kwa miaka mingi tumesali bega kwa bega na ndugu zetu Mahanafi waliotoka Bara Hindi, lile swali la tatu halitushangazi. Latushangaza kuwa watu waligombana kwalo.

Wapinzani wake walimlaumu pia kwa kusuhubiana na Lord Cromer, mwakilishi wa Waingereza, na lawama hii haikuwa ya bure yote. Khedivi Abbas alikuwa amekwisha mgeukia, khasa kwa sababu Mufti hakumwachia achezee mali ya wakfu, na Sheikh akaona kuwa bila ya kinga ya Waingereza ataondolewa siku ile ile. Aliichagua kinga hiyo ili apate miaka ya kufanya kazi. Wako wazalendo wa Misri ambao hawakumsamehe, na hatuwezi kuwaambia kuwa hawakuwa na haki ya kuudhika. Kila shabaha ina ghali yake, na hii ilikuwa ghali ya shabaha yake.

Katika miaka hiyo yote, pamoja na umufti, na baraza la sheria, na Jumuiya ya Kiislamu ya Ihsani iliyofungua skuli za watoto masikini, alirudi kwenye zulia la msikiti. Kuanzia mwaka 1899 alisomesha tafsiri ya Qurani katika Al-Azhar. Mwanafunzi wake kutoka Sham, Sayyid Rashid Ridha, aliyeanzisha Al-Manar mwaka 1898, alikaa mbele yake akiandika, kisha akayatoa maneno hayo katika jarida lake, na kwa njia hiyo darsa ya Cairo ikafika Java na Bara Hindi na Mombasa. Khedivi wa zamani alimzuilia asiwapate vijana wa mji mmoja.

Mwezi wa Machi 1905 Khedivi Abbas akaeleza hadharani kuwa hayataki mageuzi yale, na Sheikh akajiuzulu katika baraza la Al-Azhar. Miaka kumi ya kazi ilionekana kuwa imemwagika. Alikuwa tayari mgonjwa wa saratani. Alikwenda Iskandaria akikusudia kuvuka bahari kwa matibabu, na hali yake haikumruhusu kupanda meli. Alifariki huko tarehe 11 Julai 1905, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye ana miaka hamsini na sita, akarudishwa Cairo kuzikwa.

Skuli ya makadhi wa sharia, ambayo alikuwa ameishauri, ilifunguliwa mwaka 1907. Mwanafunzi wake Muhammad Mustafa Al-Maraghi alikuwa Sheikh wa Al-Azhar mwaka 1928, akaleta mpango wa mageuzi, akapingwa akajiuzulu mwaka uliofuata, na mwaka 1935 akarudishwa katika kiti hicho hicho akaendelea alipoachia. Ama darsa ya tafsiri, Sheikh aliiacha katika Surat An-Nisaa, karibu na aya ya 125. Rashid Ridha aliipokea hapo, akaandika peke yake kwa miaka thelathini, mpaka alipofariki naye mwaka 1935, akiwa amefika Surat Yusuf.